Kidole Gumba cha Namba Saba

Jumatatu hiyo umeme ulirudi saa mbili na robo asubuhi. Zuhura Abdulshakur akawasha kompyuta, akasogeza kikombe cha chai mbali na kibodi, kisha akapandisha gauni kidogo chini ya meza atazame goti lake la kushoto. Lilikuwa limeota upele mwekundu, wa kuwasha. Alipofungua jedwali la asubuhi akaona kwamba tangu Ijumaa watu wa Mhunze walikuwa wameziuliza simu zao kuhusu upele mara mia mbili na kumi na moja. Akaijaza idadi hiyo mahali pake, akalikuna goti kwa rula, akaendelea na Kahama.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la spea za baiskeli la mzee Pranlal, katikati ya mji wa Shinyanga. Mradi ulikuwa na jina refu ambalo watu walichoka kabla ya kulimaliza, kwa hiyo mjini waliuita Mradi wa Simu. Kazi yake haikuwa ngumu kuielewa. Siku hizi mtu akianza kuumwa, kabla hajaenda zahanati, kabla hata hajamwambia anayelala naye, anaiuliza simu. Anaandika: kuharisha maji maji sababu. Au anaandika kwenye kundi la mtaa: jamani, na nyie mnatapika? Mradi uliyazoa maneno hayo yote bila majina ya wenyewe, ukayapanga kata kwa kata, ili ugonjwa ukianza kutembea ujulikane siku kadhaa kabla madaftari ya zahanati hayajajaa. Magari yatoke mapema, dawa zitangulie.

Zuhura aliajiriwa kwa sababu ya vidole vyake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekaa kwenye steshenari karibu na stendi, akichapa barua za kazi, wosia, na barua za mapenzi za watu waliokuwa na mengi moyoni lakini hawajui koma inakaa wapi. Alichapa bila kutazama kibodi. Mradi ulitaka mtu wa namna hiyo.

Mwili wake ulianza kufuata jedwali mwezi wa tatu wa ajira, bila ugomvi. Sikio la kulia likawa Ushirombo. Goti la kushoto likawa Mhunze pamoja na vijiji vyake vya pamba. Kahama ilichukua mgongo wote, maana ni kubwa. Shinyanga mjini ikakaa kifuani. Machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita yaligawana mikono, kila machimbo kidole chake, na kidole gumba cha kulia kikawa cha Namba Saba, machimbo madogo ambayo hayakuwa hata na kibao barabarani. Watu wa kata fulani wakiuliza sana kuhusu mafua, sehemu yao ilipiga chafya kwa namna ilivyoweza. Sikio liliweza vizuri. Goti lilipata shida.

Mkuu wa ofisi alikuwa Dokta Ghati, mwanamke wa Tarime aliyependa kila kitu kiwe kwenye safu yake. Zuhura alipomweleza, hakuuliza maswali mengi. Alitoa kipimajoto kwenye mkoba, akatoa na futi ya fundi, akampima kila asubuhi kwa wiki tatu, na mwisho akalinganisha.

"Mwili wako umeitangulia seva kwa siku moja na nusu," alisema.

"Seva inapitia Dar kwanza," alisema Fahim, fundi wa kompyuta, kwa sauti ya mtu anayemtetea ndugu yake.

Dokta Ghati akaongeza safu mpya kwenye jedwali, akaipa kichwa: ZUHURA.

Nyumbani mambo yalijipanga vilevile. Mume wake, Ahmad, alikuwa fundi cherehani, mtu mtulivu aliyezoea kupima miili ya watu bila kusema neno. Kila asubuhi alimuuliza, "Leo tuko wapi?" Akijibiwa Mhunze, alichukua dawa ya kuchua akapiga magoti. Akijibiwa Ushirombo, alisokota pamba. Baada ya nusu mwaka alizijua kata za mikoa miwili kuliko madiwani wengi. Kulikuwa na siku alisogea karibu baada ya chakula cha jioni, Zuhura akamwambia, "Usiguse Kahama, wote wana homa," naye akajirudisha kwenye kiti chake kwa heshima unayostahili mji wenye wagonjwa.

Mwezi wa nne goti liliunguruma. Liliunguruma kama tumbo lililokunywa maji mabaya, likawa linaona kiu kila baada ya saa. Zuhura alilowesha kitambaa kwenye maji ya chumvi na sukari, akalifunga, likatulia kidogo. Kwenye jedwali, Mhunze haikuonyesha kitu. Fahim alichimba akakuta sababu: watu walikuwa wameandika "kuhala" badala ya "kuhara", kama wanavyotamka, na mashine ilifundishwa Kiswahili kwa magazeti, haikulijua neno hilo.

Dokta Ghati aliliamini goti. Gari lilitoka saa nne, likafika Mhunze mchana, likakuta bomba lililopasuka ndani ya mtaro wa maji machafu na watu kumi na wanne wa mtaa mmoja wamelala chini, hawana nguvu. Jioni bomba lilikuwa limefungwa. Hakufa mtu. Fahim aliliingiza neno "kuhala" kwa mkono, na baada ya wiki mbili ikaja barua ya pongezi yenye mhuri. Ilikuwa imeandikwa kwa seva. Waliibandika juu yake kwa gundi.

Huo ndio uliokuwa wakati mzuri. Zuhura alitembea na goti lake barabarani kama mtu aliyevaa saa mpya.

Mwezi wa sita, kwenye tamthilia iliyokuwa ikitazamwa na kila nyumba yenye televisheni, mama mkwe alipigwa kiharusi mwishoni mwa sehemu ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi upande wote wa kushoto wa Zuhura ulilegea. Safari hii mashine nayo ilikubali: Kahama peke yake ilikuwa imeuliza kuhusu kiharusi mara elfu sita. Magari matatu yalitoka na ving'ora. Wauguzi waliingia nyumba baada ya nyumba wakakuta watu wazima wa afya, wamekaa kwenye makochi, wakiwauliza wao kama mama mkwe atapona.

Alipona Jumatano, saa tatu kasoro, na mkono wa Zuhura ukanyanyuka wakati wa matangazo ya biashara.

Barua iliyokuja baada ya hapo haikuwa na pongezi. Ilimtaka Dokta Ghati ajieleze, na iliagiza kwamba kuanzia siku hiyo taarifa yoyote isiyoonekana kwanza kwenye jedwali isitoke nje ya ofisi. Safu ya ZUHURA ikafutwa. Mwili wenyewe haukupewa nakala ya barua, ukaendelea na kazi.

Mwezi wa nane kidole gumba cha kulia kilianza kuonja. Kilionja chuma. Zuhura alimega ugali, kidole kikaonja chuma. Alishika sabuni, chuma. Alimshika Ahmad shavu, chuma, ile ladha ya mtu aliyeweka ufunguo ulimini. Wiki iliyofuata kilianza kutetemeka. Wiki ya tatu mtetemeko ulifika kifundo cha mkono, na herufi zikawa zinatoka mbilimbili kwenye skrini: Kkahama, Usshirombo. Kwa mara ya kwanza tangu aijue kibodi, alilazimika kuitazama.

Akafungua mstari wa Namba Saba. Sifuri. Akarudi nyuma mwezi mmoja, miwili, mitano. Sifuri. Kwa mujibu wa jedwali, Namba Saba ndiyo ilikuwa sehemu yenye afya kuliko zote katika ukanda wa dhahabu.

Alikwenda kwa Dokta Ghati, akauweka mkono juu ya meza, na kisahani cha kikombe kikaanza kugonga.

"Mimi naona sifuri, Zuhura," alisema Dokta Ghati.

"Na mimi naiona, Dokta. Kidole ndicho hakijaiona."

"Inaweza kuwa tamthilia tena."

"Namba Saba hawana umeme. Wana redio na simu za kuchaji kwa sola."

Dokta Ghati alikitazama kidole. Alikuwa mtu mwema. Alisogeza kisahani.

"Ile barua unaijua," alisema.

"Naijua."

Zuhura akaenda kwa Fahim. Fahim aliinama kwenye kompyuta yake na, bila kuulizwa sana, akamfungulia faili ambamo mashine ilitupia maneno isiyoyaelewa. Liliitwa Takataka. Lilikuwa na vichekesho, matusi ya mpira, majina ya watu yaliyokosewa. Alipochuja Namba Saba peke yake, ikatoka mistari elfu moja na mia tatu.

Mkkono unattetemeka daawa. Mdoomo laddha ya chumma. Ffizi kutooka damu. Kusahhau majna ya wattoto. Miikono ya watu wenggi kutetemmeka pammoja sabbabu nni.

Fahim aliisoma yote, kisha akavua miwani akaifuta.

"Mashine haina kosa," alisema. "Haya maneno hayapo."

"Wameandika hivi kwa sababu mikono inatetemeka," alisema Zuhura.

"Ndiyo. Kwa hiyo aliye mzima ndiye anayesomeka."

Zuhura aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda basi la Geita. Walipopita Ushirombo sikio lake la kulia lilipata joto, kama mtu anayetajwa nyumbani kwao. Baada ya Runzewe alishuka, akachukua bodaboda kwenye barabara ya vumbi jekundu, na dereva alipomwonyesha maturubai ya kwanza ya Namba Saba, kidole gumba kilitulia. Kilitulia ghafla kabisa, kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.

Wengine wote walikuwa wanatetemeka. Machimbo yalikuwa yameshajipanga kwa hilo. Mama wa chai alimimina nusu kikombe, kwa sababu nusu nyingine ingemwagika njiani. Wanaume walivaa fulana tu; mashati ya vifungo waliyatuma nyumbani. Waliocheza drafti walikuwa wamekubaliana kwamba kete inahesabika pale ilipoangukia. Kinyozi alikuwa amebadili kazi baada ya sikio la pili. Juu ya yote hayo makarasha yalisaga mawe tangu asubuhi, na ardhi nayo ilitetemeka, hivyo mgeni hakuweza kujua mara moja nani anamtetemesha nani.

"Mwangaluka," mama wa chai alimsalimia.

"Mwangaluka, mama. Namtafuta anayeuliza simu kuhusu mikono."

"Sote tunauliza. Lakini anayetuandikia ni Asteria. Yeye alisoma."

Asteria alikuwa nyuma ya kibanda chake, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Alikuwa mwanamke wa miaka kama hamsini, Msumbwa wa Ushirombo, binti wa katekista, mjane, kitambaa cheupe kichwani. Pembeni yake kulikuwa na karai la mchanga uliosagwa, na alikuwa amemaliza kuukanda na zebaki kwa mikono mitupu, akaikamulia kwenye kitambaa mpaka likabaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo sasa lilikuwa kwenye kikaango cha zamani juu ya moto. Zebaki ilikuwa inaondoka kwa moshi mwembamba, dhahabu inabaki. Jiko la pili, hatua mbili kutoka hapo, lilikuwa na sufuria ya maharage.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa upande huu, moshi unakwenda kule."

"Kule ni wapi?"

"Kwa jirani. Kesho upepo ukigeuka, wake unakuja kwangu. Hatuna ugomvi."

Zuhura alikaa. Akajitambulisha, akaeleza ofisi yake, jedwali, na kidole. Asteria alisikiliza huku akigeuza kikaango. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, Zuhura akanyoosha wake, wakavilinganisha vidole gumba kama watu wanaolinganisha viatu. Cha Asteria kilikuwa na kovu la kisu kwenye kiungo. Cha Zuhura nacho kilikuwa na kovu hilo, ingawa hakuwahi kukatwa na kisu.

"Basi ni wewe," alisema Asteria. "Nilikuwa nahisi kuna mtu anachapa."

"Umeuliza mara nyingi sana, dada."

"Mengine ni yangu, mengine ni ya wenzangu. Wanakuja hapa wananiambia, Asteria, niulizie. Naandika. Simu inanirudishia: je, ulimaanisha mkono wa tembo? Halafu inanionyesha ndizi." Akacheka kidogo, mabega tu. "Ndizi nzuri kweli. Zile ndefu za kupika. Zipo za kukaanga, zipo za nazi. Nimezitazama mwezi mzima."

"Hamjui kinachowaumiza?"

Asteria alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua jina lake.

"Zebaki," alisema. "Nani asiyejua? Mtu aliyekuja na mabango alituambia, na picha ya fuvu ilikuwepo. Kuna chombo cha kufunika, kinanasa moshi, unaurudisha kwenye chupa. Tunacho. Kimefungiwa kwa Lugembe, kinatolewa wageni wakija. Siku nyingine anasema kinachelewesha."

"Kama mnajua, kwa nini mnaiuliza simu?"

Asteria aliepua kikaango. Moshi ulikuwa umekwisha na kwenye kikaango kulikuwa na kitu cha manjano kisichozidi punje ya mahindi.

"Nilitaka na yenyewe ijue," alisema.

Lugembe mwenyewe alifika muda si mrefu, kwa gari jeupe lililooshwa. Ndiye aliyenunua dhahabu yote ya Namba Saba, na ndiye aliyewapa akina mama zebaki, kwenye chupa ndogo za maji ya kunywa, kwa masharti kwamba dhahabu isiende kwa mnunuzi mwingine. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya afya ya machimbo, na ndiye aliyewagawia wote bando la bure ili waweze kutazama bei ya dhahabu duniani. Mikono yake ilikuwa imetulia kama ya padri. Alimpokea Zuhura vizuri, akamwagizia soda.

"Ofisi yenu naiheshimu sana," alisema. "Namba Saba hatuna mgonjwa. Nyie wenyewe mmesema. Ile ripoti yenu ya sifuri nimeitia kwenye fremu."

"Na hawa wanaotetemeka, baba?"

Lugembe aligeuka akawatazama watu wake, mama wa chai, wacheza drafti, Asteria.

"Baridi," alisema.

Ilikuwa saa saba mchana, na mbwa walikuwa wamelala chini ya gari lake kwa sababu ya jua. Zuhura alimshukuru kwa soda. Kabla ya kuondoka alirudi kwa Asteria kuaga, na Asteria akamshika mkono kwa muda mrefu, maana katika miwili ile ni wa Zuhura tu uliojua kutulia.

"Waambie," alisema Asteria. "Wewe watakusoma."

Kidole gumba kilianza tena kutetemeka bodaboda ilipoingia lami.

Asubuhi iliyofuata Zuhura aliandika ripoti. Aliandika kila kitu: karai, kikaango, maharage, chombo kilichofungiwa, kinyozi. Ilikuwa kurasa nne na ilimchukua siku nzima, kwa sababu kila alipofuta herufi moja ya ziada, mkono uliongeza mbili. Saa kumi jioni alichoka akaituma ilivyo. Mfumo uliipokea, ukaisoma, ukaona Naamba Sabba, zebbaki, wanatettemeka, ukaitupa kwenye Takataka. Fahim aliikuta humo wakati wa kufunga ofisi. Ilikuwa imekaa chini kidogo ya tusi la mpira.

Aliichapa kwenye karatasi akampelekea Dokta Ghati. Dokta Ghati alichukua kalamu nyekundu, akaondoa herufi zilizozidi, moja baada ya nyingine, mpaka kurasa nne zikasomeka. Kisha akafanya jambo ambalo barua ilikuwa imemkataza. Aliibeba mkononi, akaipeleka kwenye kikao cha idara zote.

Kikao kilikuwa cha adabu. Watu wa afya walisema kwamba zebaki haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo hakuna mlipuko, na mradi ni wa milipuko. Watu wa madini walisema mikono ni ya afya. Mtu wa mazingira aliuliza moshi wenyewe uko wapi sasa hivi, akajibiwa kwamba umeshaondoka, akasema basi. Lugembe, aliyealikwa kama mdau, alisifu uzalendo wa mama Zuhura na akaomba ripoti iongezewe kwamba wachimbaji wana bando la bure. Iliongezewa. Mwisho kikao kilikubaliana jambo moja ambalo kila idara ililiona linawezekana: mashine ifundishwe kunyoosha herufi za Namba Saba, ili wananchi wale nao wahesabike.

"Angalau watahesabika," Dokta Ghati alimwambia Zuhura aliporudi. Hakumtazama usoni.

Fahim aliifanya kazi hiyo kwa mchana mmoja, na aliifanya kwa moyo. Toka siku hiyo kila neno lililopinda kutoka Namba Saba lilinyooshwa likafanana na neno la karibu ambalo mashine inalijua. Baada ya siku tatu Namba Saba iliondoka kwenye sifuri. Ikawa ya kwanza kwa mkoa mzima kwa kuulizia mkono wa tembo. Jedwali likalipeleka jambo hilo lenyewe kwa watu wa kilimo, na kabla mvua za vuli hazijakaza, lori la canter lilifika machimboni limejaa miche ya migomba. Miche iligawiwa kaya kwa kaya. Waliipanda, kwa shida kidogo ya kushika jembe, na ilishika vizuri.

Zuhura alikuwa akimpigia Asteria simu kila Ijumaa baada ya swala. Mwanzoni walizungumza marefu. Asteria alimweleza habari za migomba, na za jirani aliyelala tangu Jumanne, na kwamba yeye mwenyewe sasa hashiki simu. Inashikwa na mama wa chai, kwa zamu na mtu mwingine, mmoja akichoka. Zuhura alimwomba aache kuchoma. Asteria alisema ataacha, akauliza, "Halafu nifanye nini?" Hapo salio likaisha.

Kufikia mwezi wa kumi na moja Asteria alianza kupotewa na majina.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Ijumaa moja.

"Zuhura, dada. Wa Shinyanga."

"Zuhura yupi?"

"Kidole gumba."

"Aa," alisema Asteria, na sauti yake ikalainika. "Mbona husemi. Uko mzima lakini?"

"Niko mzima."

"Mimi siamini," alisema Asteria.

Ofisini ilitoka barua fupi, safari hii ya upole, ikimruhusu Zuhura kufanya kazi kwa mkono wa kushoto. Alijifunza kwa wiki mbili. Mkono wa kulia aliulaza pembeni ya kibodi, ukawa unagonga meza siku nzima kwa mlio mdogo usiokatika. Mzee Pranlal alipanda ngazi kuuliza kama kuna mtu anashona huko juu. Akaonyeshwa mkono, akasema anaelewa, akashuka, kisha akarudi na kipande cha mpira wa baiskeli wa kutandika chini yake. Nyumbani Ahmad alimfunga ushungi na vifungo, kama anavyomvalisha mteja nguo ya majaribio. Hakuuliza tena wako wapi. Alijua.

Mwezi wa pili walikuja wageni kutoka mbali kuutazama mradi, kwa kuwa sifa zake zilikuwa zimefika. Skrini kubwa ilifungwa ukutani, na ramani ya kanda nzima ikawaka kijani kutoka Kishapu hadi mpaka wa ziwa. Dokta Ghati alieleza kuhusu bomba la Mhunze. Wageni waliipigia seva makofi. Wapiga picha walikuwa watano.

Mkuu wa msafara alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye suti ya kijivu, aliyetaka kumsalimia kila mfanyakazi. Alipofika kwenye meza ya Zuhura alinyoosha mkono. Zuhura akainuka, akamwamkia shikamoo, akampa wa kulia, kama alivyofundishwa utotoni kumpa mtu mzima mkono. Mgeni aliushika, akauhisi unavyotetemeka, na uso wake ukajaa huruma.

"Usiogope, mama," alisema. "Mimi ni mtu wa kawaida tu kama wewe."

"Asante, mheshimiwa," alisema Zuhura.

Mgeni akauweka mkono huo kati ya mikono yake miwili, akaukandamiza taratibu ili utulie. Alisubiri. Alikuwa na subira, alisubiri zaidi ya ilivyo kawaida. Wapiga picha walimaliza, wakashusha kamera. Msaidizi wake akamnong'oneza kwamba chakula kinapoa, naye akauachia, akampigapiga Zuhura begani, akaenda kuitazama ramani.